Meko ya Bi Concepta

Bi Concepta Brannock alikuwa hamwamini mtu. Mimi nimepanga vyumba vyake vya chini miaka tisa, hapa Dublin kaskazini ya mto, na kila nikishuka kutoka sebuleni kwake ananitazama mikono. Mikono mitupu, jamani! Nilikuwa nakereka mpaka basi.

Alichokuwa akikilinda ni meko ya sebuleni, ile fremu ya marumaru inayozunguka moto wa kuota wakati wa baridi. Nyumba zetu ni safu moja ya matofali, zimebanana, zina miaka mia mbili na ushee, na sheria inazilinda: hubadili kioo wala kitasa bila ruhusa. Wezi nao wanazijua. Wanaingia, wanang'oa meko ya marumaru, wanakwenda kuiuza ng'ambo. Ndiyo maana marehemu mumewe, Malachy, aliiziba ya kwao kwa mbao akazipaka rangi ya ukuta. Aliifanya kazi hiyo mkewe akiwa Lough Derg, kule kisiwani wanakokwenda kuhiji siku tatu, miguu peku, kwa chai ya rangi na mkate mkavu. Bi Concepta alikwenda kuliombea paa, maana lilikuwa linavuja vibaya. Kabla baridi haijaingia, paa likapata vigae vipya. Muujiza huo aliusimulia kila Jumapili.

Aprili iliyopita akatokea kijana ng'ambo ya barabara, anapiga picha madirisha yetu. Siku tatu mfululizo. Nikasema labda ni afisa wa jiji.

"Mwizi huyo," Bi Concepta akaninong'oneza nyuma ya pazia. "Mtazame viatu. Afisa gani ana viatu safi hivyo?"

Siku ya nne akabisha hodi. Lorcan Hession, wa halmashauri ya jiji, kitambulisho shingoni.

"Kitambulisho hata huyu mpangaji wangu anaweza kuchapisha," Bi Concepta akasema, mimi nimesimama papo hapo! "Haya, kijana. Kwa nini madirisha yetu yanazidi kuwa mafupi kadiri unavyopanda?"

"Wenye nyumba walikaa kwenye madirisha marefu, mama. Kule juu watoto na watumishi."

"Hata wezi wanasoma vitabu."

Lorcan akacheka, kisha akafungua daftari lake. Limeandikwa kwamba sebule hii ina meko ya marumaru. Yeye anaona ukuta. Asipoonyeshwa, ataandika imeng'olewa, na mwenye nyumba atashtakiwa.

Maskini Bi Concepta! Akiionyesha, mwizi kashajua ilipo. Asipoionyesha, mahakamani. Akazunguka chumba mara mbili, mwishowe akanipa nyundo.

"Ng'oa ubao mmoja tu. Na wewe kijana, rudi mlangoni."

Nikang'oa mmoja. Nikang'oa wa pili. Nikazing'oa zote. Matofali, masizi, gazeti kuukuu. Meko hakuna.

"Wameniibia!" akapiga kelele, akanigeukia. Ndiyo, mimi!

Lorcan akapapasa misumari, akaokota gazeti. "Hizi hazijaguswa tangu zipigiliwe, mama. Aliyeziba alikuwa anaziba tundu tupu." Akasoma tarehe: Julai, mwaka ule ule wa hija.

Bi Concepta alitazama dari.

"Paa," akasema. "Ah, Malachy, mshenzi wewe! Mimi nakanyaga mawe peku, wewe unauza meko yangu upate vigae!" Machozi yalikuwa yanamtoka. Kisha akajifuta kwa aproni.

"Andika nimeiuza mimi."

"Mama, utashtakiwa wewe."

"Marehemu atajiteteaje? Andika, kabla hasira haijanizidi nikaenda kumfukua."