Siku Niliyofuta Avenue Nzima

Hadi leo nikipita sokoni na kompyuta yangu juu ya baiskeli kuna watu wanaoniita kutoka nyuma ya meza zao za mihogo, "Sekreteri, leo unafuta nani?", nami nacheka kidogo, maana nikikasirika itakuwa mbaya zaidi, halafu naendelea na njia yangu. Wana haki. Nimechoka kukataa, na nimechoka kueleza nusu nusu, kwa hiyo leo naeleza yote, mnicheke mara moja tumalize.

Mimi nilikuwa karani wa kampuni ya zamani ya migodi hapa Kolwezi, ile iliyoanguka sote tukiitazama, na ofisi yetu ilipofungwa wakuu walituambia kila mtu achukue kinachomfaa, mwingine akachukua kiti, mwingine akachukua mapazia, mimi nikachukua kompyuta (nzito kama mfuko wa simenti, na feni yake ikilia utadhani inasaga mahindi). Kwenye avenue Mapera hakuna mwingine aliyekuwa na kompyuta nyumbani, basi nikawa sekreteri wa kila kitu: tangazo la matanga, barua ya kuomba kisima, orodha ya kwaya. Sikuchaguliwa. Kwetu ukiwa na kompyuta umeshachaguliwa.

Halafu shimo la kampuni mpya likatukaribia. Kwanza kuta zilipata nyufa kila walipolipua mwamba, kisha wakaja watu na rangi nyekundu wakaandika namba kwenye kila nyumba, yetu ikawa namba tisa, na mwisho tukaambiwa chini yetu kuna shaba na avenue nzima itahama, nyumba ishirini na sita, tupelekwe kwenye viwanja vipya upande wa barabara ya Fungurume. Tulilia, tuliandika barua (mimi niliandika), ikawa bure. Tulipewa kitu kimoja tu. Mjumbe wa tume ya kuhamisha alisema nyumba mpya zitagawiwa kwa kufuata orodha tutakayoleta wenyewe, jina baada ya jina. Yaani sisi ndio tuseme nani atakaa karibu na nani.

Msidhani hilo ni jambo dogo. Kwenye avenue yetu alikuwepo Mama Tshilanda, mjane mwenye asili ya Kasai, ambaye alishawahi kufukuzwa katika mji huu huu, miaka ile watu wa Kasai walipoambiwa warudi kwao, naye kwao ni hapa, alizaliwa hapa kwenye nyumba za kampuni. Alilala stesheni wiki nyingi na watoto wake akingojea gari la moshi, na mtoto mmoja hakurudi naye. Jirani yake Mama Banza, mtu wa kaskazini ya Katanga, ndiye aliyemfichia cherehani chini ya mifuko ya mihogo, na Mama Tshilanda aliporudi baada ya miaka aliikuta imepakwa mafuta, inashona. Tangu siku hiyo kati ya nyumba zao hakuna uzio. Tulipoanza orodha alikuja kwangu, akakaa, akasema:

"Sekreteri, mi siombe nyumba ya muzuri. Uniweke tu pembeni ya Mama Banza. Siwezi tena kulala fasi mi siyue nani eko nyuma ya kikuta."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, hiyo ni kazi yangu. Niliyasema hayo kwa mdomo huu.

Wiki tatu tulibishana. Hakuna aliyemtaka Tata Mwamba kwa sababu ya nguruwe wake, na mimi (si nimesema leo naeleza yote) nilikuwa nimepakana naye, basi kila tulipobadilisha orodha nilimsogeza nyumba moja, polepole, mpaka akatoka ubavuni kwangu akafika ubavuni kwa mchungaji wa kanisa. Kila orodha niliiandika kwanza kwa kalamu ya bic, nikaichapa kwenye kompyuta, nikainakili kwenye flashi, na karatasi nikampa mke wangu, Mama Esther, awashie jiko la mbabula, maana makaa yetu yalikuwa yananuna kushika moto. Ya mwisho ilikuwa nzuri sana. Hata mchungaji aliikubali (hakuwa ameisoma vizuri).

Sasa kompyuta yenyewe ilikuwa inaumwa. Kila aliyeniletea wimbo wa kwaya aliniletea na virusi, ikawa kufunguka kwake ni muda wa kupika sufuria ya bukari na kuimaliza. Mkutano wa kukabidhi orodha ulikuwa Jumamosi, tume ingekuja na projekta na jenereta, orodha ionekane ukutani kila mtu aisome, na mimi Ijumaa asubuhi nikaanza kuona aibu nikimfikiria yule mjumbe amekaa anangojea mashine yangu izinduke. Ni majivuno, hakuna jina lingine. Nikaenda kwa Tata Fiston, mzee mwenye kibanda cha fotokopi.

"Weka Linux," akasema. "Njo ile mi natumikisha hapa. Haishikake virus, na mashini ya zamani inakimbia."

"Iko nguvu kuiweka?"

"Unafinya tu kwenye banakuambia. Leta kle." Akaishika flashi yangu, akaitazama juu ya miwani. "Kuko kitu ndani? Juu itafutika."

"Hapana," nikajibu, "byote biko ku mashini."

Mambo yote yalitoka kwenye jibu hilo. Ilikuwa kweli, orodha ilikuwa kwenye mashine. Mzee akafuta flashi, akaweka Linux ndani yake, akanionya mara mbili kwamba kompyuta itakaponiuliza nichague kuiweka pembeni ya vilivyomo, nikamwambia nimesikia.

Nilifika nyumbani saa sita mchana. Siku hizo umeme kwetu ulikuwa unakuja kwa zamu, avenue yetu saa sita mpaka saa tisa, kisha unahamia kwa wengine, na asiyepiga pasi kwa wakati anavaa makunyanzi. Nikachomeka flashi. Kompyuta ikaniuliza, kwa Kifaransa cha upole kabisa, niweke Linux pembeni au nifute diski yote. Nikachagua pembeni. Ikaanza kukagua diski: asilimia mbili, asilimia tatu. Saa saba ilikuwa tisa. Saa nane ilikuwa kumi na nne, nami jasho linanitoka, kwa sababu kila mtu wa Kolwezi anajua umeme ukikatika katikati ya kazi kama hiyo mashine inakufa, na kesho ni mkutano.

Mama Esther alikuwa mlangoni anachambua majani ya lengalenga. "Papa Esther, haungoye kwanza mukutano ipite?"

"Courant haingoyake mutu," nikamjibu, kwa sauti ya mtu anayejua.

Nikarudi nyuma, nikachagua kufuta yote, kwa sababu hiyo ilisemekana ni ya dakika ishirini. Ikaniuliza kama nina hakika. Hapo ndugu zangu nisikilizeni vizuri, maana mpaka leo sijielewi: kichwani mwangu orodha ilikuwa salama kwenye flashi. Kule kibandani ilikuwa kwenye mashine, hapa nyumbani ilikuwa kwenye flashi, na flashi yenyewe imesimama mbele ya pua yangu ikimwaga Linux. Nikafinya ndiyo.

Saa tisa kasoro dakika tano kazi ikaisha, mashine ikafunguka upesi mpaka nikamwita Tata Mwamba juu ya uzio aje kuona, akaja, akaona, akasema ni muzuri, na umeme ukaenda zake. Sikuwa nimefungua kitu chochote. Nililala usingizi mtamu sana siku ile, na ndio wa mwisho.

Jumamosi niliifunga kompyuta kwa kitenge cha Mama Esther, nikaiweka juu ya baiskeli, nikaisukuma mpaka kwenye ukumbi wa parokia. Avenue nzima ilikuwemo. Wamama wachache, mke wangu mmoja wao, walikuwa nje nyuma ya ukumbi wanapikia wageni kuku, maana hata anayekuja kukuhamisha huwezi kumwacha arudi na njaa. Mjumbe, mama mmoja mwenye uso wa kuchoka kama wetu, akawasha projekta. Nikasimama, nikarekebisha kola, na nikatoa hotuba (kwa nini nilitoa hotuba?) kwamba avenue Mapera tumeingia katika mashine za kisasa zisizoshika maradhi.

Ukutani akatokea ndege mnene, mweusi, tumbo jeupe.

"Ile njo nini?" mtu akauliza nyuma.

"Ni alama ya Linux," nikasema. "Mungoye kidogo."

Nikafungua flashi. Ndani kulikuwa na mafaili ya Linux tu, majina nisiyoyajua. Nikatabasamu. Nikafungua nyaraka za kompyuta. Tupu. Nikafungua jalala lake, nalo tupu, safi kama sahani ya mbwa. Watu mia moja wanatazama kimshale changu kikizunguka ukutani, kinaingia hapa, kinatoka, kinarudi palepale nilipotazama tayari, na hapo ndipo yale majibu yangu mawili yalipokutana kichwani. Nikatafuta karatasi mfukoni, halafu nikaikumbuka mbabula.

"Sekreteri," mjumbe akasema, "liste iko wapi?"

"Iko... inakuya."

Akangoja. Kisha akafunga kalamu yake. "Bon. Hakuna liste, tutafuata alphabet. Njo règlement ya tume, mi sina fasi ya kuibadirisha. Leo natia sinyatire, lundi asubuhi karatasi inaenda."

Banza ni B. Tshilanda ni T. Sikuthubutu kuinua macho, lakini nilisikia kiti kikisogea, na sauti ya Mama Tshilanda, si ya hasira, ni ya mtu aliyechoka tangu zamani.

"Walishaka kutupanga na majina siku moja. Mi najua kwenye inafikishaka." Akatoka kwenye benchi lake, akasimama katikati ya ukumbi. "Mama Banza, kuya hapa. Simama kwenye nyumba yako inasimamaka. Beye ba tume baandike na mukono."

Mama Banza akaenda akasimama kulia kwake. Kisha mchungaji akaenda mbele yao, upande wa pili wa barabara. Kisha wote. Watu walivuta watoto, wakaulizana, "Weye ulikuwa mbele ya kisima ao nyuma?", wakasukumana, mpaka avenue Mapera ikasimama ndani ya ukumbi wa parokia, safu mbili, na njia katikati. Mjumbe akapita kwenye hiyo njia na daftari lake akiandika kila mtu mahali alipo, na nadhani aliona aibu kidogo, maana alikuwa anasema "pardon" akipita. Tata Mwamba peke yake aliomba awekwe mwisho kabisa, nguruwe wapate nafasi.

Ilikuwa nzuri kuitazama. Najua kwa sababu nimeambiwa. Mimi nilikuwa nimeinama kwenye kompyuta, mgongo kwa watu, nafungua nafunga, nafungua nafunga, nikiamini orodha imejificha mahali na kwamba nikiipata sasa hivi nitasamehewa.

Nilipogeuka mjumbe alikuwa anasoma kwa sauti. Namba saba, namba nane, namba kumi. Nyumba ishirini na tano. Amekwisha kutia sahihi, muhuri umekwisha kugongwa. Nikainua mkono kama mwanafunzi.

"Madame, tisa?"

"Tisa hakukuwa mutu," akasema. "Balikamata nafasi, balisongeana."

Mama Esther aliingia wakati huo huo na sinia la kuku, akasikia. Aliweka sinia mezani taratibu, akapangusa mikono kwenye kitenge. "Ulipanga batu bote, Papa Esther," akasema. "Siye ukatusahabu."

Tuliongezwa chini ya karatasi, baada ya Tata Mwamba. Mganga hajigangi, walisema watu, na wengine walicheka, na sikuwalaumu.

Sasa ni mwaka wa nne tunakaa mwisho wa viwanja, upande mmoja malori ya Fungurume yanatumwagia vumbi, upande wa pili nguruwe (ni wengi zaidi sasa, wanastawi). Mama Tshilanda na Mama Banza wako mbali kule juu, wamepakana, wamekataa uzio. Nafurahi kwa ajili yao, kweli nafurahi. Mama Esther akikosa chumvi anatembea nusu saa kwenda kuiomba kwao, ingawa Tata Mwamba anayo. Ile Linux ni nzuri. Tangu siku ile mashine haijashika virusi hata mara moja.

Bado mimi ni sekreteri, maana kompyuta ninayo. Ila nimeapa: orodha yoyote, hata ya kwaya, naiandika kwanza kwa bic kwenye daftari ambalo halikaribii mbabula, na mstari wa kwanza kabisa, kabla ya jina la mtu mwingine yeyote, naandika nyumba namba tisa. Kwaya wananiuliza hiyo ni ya nini. Namba tisa siku hizi ni shimo, lakini naiandika.