Robota Chini ya Cherehani

Shangazi yangu ana mguu mmoja wa mchezaji mpira na mwingine wa kuku. Hakuzaliwa hivyo. Miaka nenda rudi ameshona sare za shule kwa mguu wa kulia peke yake, kwa sababu mwenye karakana aligeuza upande wa kushoto wa kanyagio kuwa stoo. Marobota ya vitambaa yalisukumwa chini ya cherehani mpaka mguu wa kushoto ukakaa pembeni kama mgeni asiyekaribishwa.

Sasa mguu huo unamwangusha. Juzi kifundo kilipinda kwenye ngazi za karakana, akaserereka na sare hadi chini. Mwenye karakana, ambaye mafundi humwita Futi kwa ufupi wake na mwenyewe hudhani ni kwa kazi yake ya kupima vitambaa, alikagua sare kwanza. "Ukianguka tena, cherehani nampa mwingine."

Tabibu wa mazoezi akamwagiza ashike ukuta, asimame kwa ncha za vidole; kisha visigino vibaki chini, ainue vidole, ili shavu la mguu na misuli ya mbele ya muundi vipate nguvu sawa. Miguu yote, wa kushoto zaidi. Nikamkuta jikoni akipandisha wa kulia tu, jasho linamtoka.

"Shangazi, huo ndio mzima."

"Huu ndio unaonilisha."

"Unamlisha aliyeshiba."

Akanitazama kama ananipima sanda. "Huo mwingine ukipata nguvu, kazini utakanyaga nini? Robota?"

Akasikia alichosema. Hasira ikampanda taratibu, kama maji ya chai. Akabadili mguu.

Asubuhi nilimshika mkono kwenye ngazi. Alipofika, aliyavuta marobota yote hadi katikati ya njia.

Futi akaja. "Nani kamwaga mzigo hapa?"

"Mimi. Stoo yako imenila mguu."

"Rudisha, mama, au ushuke ngazi."

"Uliajiri miguu miwili. Leo yote ipo kazini."

Akaweka wa kushoto kwenye kanyagio. Gurudumu likarudi nyuma, uzi ukakatika. Akatunga tena. Mafundi wengine walikuwa wameacha kukanyaga. Na sare zilikuwa za kuchukuliwa na shule mchana huo.

"Shoneni basi," Futi akasema. Hakuna aliyeshona.

Akainama, akaburuta robota kuelekea ofisini kwake huku akilaani. Shangazi hakumtazama. Alikuwa akiufokea mguu wa kushoto.

"Kanyaga, mvivu wewe. Kanyaga."