Nguzo Nne Nyeupe

Siku fundi alipobandua kalibu za bati na nguzo ya kwanza ikabaki imesimama, laini, imenyooka, nilipiga vigelegele hadi majirani wakatoka wakidhani kuna harusi. Utu uzima wangu niliuweka kando.

Ninafundisha sanaa sekondari hapa Kibiti. Chuoni nilipenda mno habari za wale Wazungu waliochoshwa na mapambo ya kupindukia ya majumba ya wafalme, wakarudi kwa Wayunani na Warumi wa kale: nguzo zilizonyooka, kuta nyeupe, kila kitu kwa kipimo. Waliamini jengo laweza kumfunza mtu uadilifu. Ukipita kila siku mbele ya kilichonyooka, nawe utanyooka. Mimi niliamini kuwashinda wao. Nikasimamisha nguzo nne barazani.

Nyumba yenyewe nilimjengea mama. Mafuriko yalikuwa yamekula ukuta wa nyumba yake kule Mkongo, na masika yalikuwa yanakaribia tena. Alikubali kuja kutazama tu. Moyo ukikataa, alisema, atarudi kwake, hata kama ni kulala na maji. Nilijua hatanii.

Alifika na kikapu kimoja. Akazizunguka nguzo, akazipapasa, akazisifu, nikavimba kichwa. Alasiri wanawake wa jirani wakaja kumwamkia, nao wakabaki wamesimama mbele ya baraza, juani, kwa sababu nilikwisha kuwaonya wote: asiegemee mtu, rangi ni nyeupe. Mama akawatazama, kisha akanitazama mimi.

"Mwanangu, nguzo ya baraza letu kule ulipata kuiona rangi yake?"

Sikupata. Ilikuwa boriti ya mkoko aliyoiagiza marehemu baba kutoka delta, na pale kinapofika kichwa cha mtu aliyeketi ilikuwa nyeusi, inang'aa kwa mafuta ya nazi ya wote waliowahi kuiegemea: wenye msiba, wenye kesi za mashamba, wanawake waliokuja kusukana.

"Hizi zako nzuri," akasema. "Lakini haziegemewi. Kesho narudi."

Nilikasirika, kisha nikaogopa. Niliingia ndani nikatoka na mkeka mkubwa, nikautandika, nikawaita wale wanawake kwa sauti ya mwalimu wa zamu. Wakasitasita. Basi nikakaa mimi, nikavua mtandio, nikaegemeza kichwa changu kilichojaa mafuta ya asubuhi hiyo kwenye nguzo ya kwanza. Mmoja akacheka, akaichukua ya pili. Ya tatu wakaigombea. Hadi Magharibi baraza lilikuwa limejaa soga, kahawa na kashata, na mimi nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa, nikizitazama nguzo zangu zikichafuka.

Alfajiri nilipofungua mlango nilimkuta mama ameketi, mgongo wake kwenye nguzo ya nne, iliyokuwa safi bado. Akaniuliza gari la kukileta kitanda chake kutoka Mkongo litapatikana wapi.