Jambazi Aliyepanda Mti wa Chai

Kitabu chenyewe nilikipata Litein, kwenye meza ya mzee aliyeuza riwaya kuukuu pamoja na betri na kamba za viatu. Jaladani palikuwa na bastola, mwanamke mwembamba, na majigambo kwamba dunia nzima imekisoma. Nyuma paliandikwa kwa Kiingereza kwamba kisa kinatokea katika milima ya chai ya Kericho. Hilo ndilo lililonifanya nikinunue. Nilidhani huenda nitakutana humo na mtu ninayemjua.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimechoma mahindi Silibwet nikachoka, nimekaa Bomet mjini nikachoka, hadi nikafika Boito kuchuma chai katika shamba la mzee mmoja aliyependa ng'ombe wake kuliko majani. Sijawahi kukaa mahali pamoja kwa muda mrefu, hata sasa nikiwa na miaka arobaini na kitu, lakini pale Boito napakumbuka kuliko kwingine. Nilikuwa mchumaji mbaya. Vidole vyangu vilinyakua jani la tatu na la nne pamoja na yale mawili yanayotakiwa, na karani wa kituo cha kuuzia majani alikuwa akimwaga kikapu changu mezani na kunirudishia nusu, watu wote wakiangalia.

Kitabu kikaniokoa. Tulikuwa na wanawake saba shambani, na mkubwa wao sote tulimwita Kogo, yaani nyanya. Siku moja wakati wa kula aliniuliza ninacheka nini peke yangu. Nikamtafsiria ukurasa mmoja. Siku iliyofuata hawakutaka nichume. Nilisimama nao katika mistari, nikasoma kwa sauti, na kila mmoja akitupa konzi moja ya majani katika kikapu changu kila alipojaza chake. Majani yangu yakaanza kupita mbele ya karani bila neno. Nilihesabu kurasa zilizobaki nikaona nina mapumziko ya miezi miwili.

Shida ni kwamba aliyeandika kitabu kile hakuwahi kunyeshewa Boito. Katika sura ya tatu jambazi alificha almasi chini ya kikapu cha majani mabichi, akakaa nacho siku tatu.

"Siku tatu?" Kogo aliuliza, bila kusimamisha vidole. "Hayo majani yangekuwa yameiva kama mboga. Na karani je? Hakumwaga mezani?"

Nikasema labda Kericho ya kwenye kitabu ina desturi nyingine. Akauliza hiyo Kericho iko wapi ili ahamie huko. Wenzake wakacheka, lakini jioni nilipoinua kikapu nikagundua kwamba konzi zao zilikuwa zimepungua. Hapo nikaelewa sheria yangu mpya: kitabu kikidanganya, nami napungukiwa.

Nacho kilidanganya sana. Mpelelezi alitoka Kericho akafika Mombasa kahawa yake ikiwa bado moto. Usiku alisikia simba wakinguruma karibu na kiwanda cha chai. Alipigwa risasi mkono wa kushoto, na sura mbili mbele akavaa bandeji mkono wa kulia. Kogo alilikumbuka hilo, mimi niliyesoma nikawa nimelisahau. Nikamwambia daktari alikuwa mlevi. Nilipata konzi mbili za kunisamehe.

Kisha ikaja sura ya saba. Sikuwa nimeipitia mapema, kwa hiyo nikaisoma kama ilivyo: jambazi alipanda mti wa chai mrefu, akakaa juu na bunduki yake, akingoja.

Mbele yetu michai ilikuwa imesawazishwa kama meza, ikitufikia kiunoni. Mama mmoja aliweka kiganja juu yake, akasukuma chini taratibu, matawi yakainama.

"Hebu apande basi," alisema. "Apande tuone."

"Kijana," Kogo akaniambia, "huyo mtu wako ana uzito wa kuku?"

Jioni ile karani aliniuliza kama nimekuwa mgonjwa.

Usiku huo nikaamua kukitengeneza kitabu. Asubuhi niliwauliza, kama mzaha tu, wao wangeficha almasi wapi. Mmoja akasema ndani ya sotet, kibuyu cha maziwa ya mursik, maana hakuna askari atakayetia mkono katika maziwa ya mwenye nyumba. Mwingine akasema mtu mwenye akili hapandi juu ya chai, hulala chini yake, kwenye mfereji, ambako hata mchana ni giza. Kesho yake jambazi alifanya yote mawili. Mpelelezi akakwama matopeni njia ya Boito, akasukumwa na wanawake waliomdai soda. Nilishika kitabu wazi, nikageuza kurasa kwa heshima, na kikapu kikajaa hadi nikashindwa kukibeba.

Mwezi wa nne mjukuu wa Kogo, msichana wa kidato cha tatu, akaja likizo kusaidia kuchuma. Alisimama nyuma yangu kwa muda akitazama ukurasa.

"Kogo," alisema, "hapa hakuna sotet. Hapa yuko hotelini, anajitazama kwenye kioo."

Nilijua kazi yangu imekwisha. Kogo akaniuliza tangu lini. Nikamwambia tangu mti wa chai.

"Nilijua. Yule wa mti hangepata akili kwa siku moja." Akafikiri. "Hii yako ni tamu kuliko ya kitabu. Umeiandika wapi?"

"Iko kichwani, Kogo."

Akanipokonya kitabu, akampa mjukuu wake. Kisha akanionyesha mstari uliokuwa haujaguswa.

"Kitabu kinashikwa kwa mikono. Kichwa kinakaa chenyewe. Chuma, na usimwache jambazi mferejini, kuna baridi."

Nikachuma huku nikisimulia, na hakuna aliyenitupia hata jani moja. Jioni karani alimwaga kikapu changu mezani, akatazama, akanirudishia nusu. Tulipokuwa tukipanda kilima kurudi, yule mama aliyesukuma michai akanikaribia na kuniuliza kwa sauti ya chini kama jambazi ana mke.