Paa la Udongo Katika Picha za Ndege

Katika ramani iliyochorwa ofisini kwetu Mbeya miaka ya hamsini, nyumba aliyozaliwa mama yangu, huko Iringa, ni pori lisilo na mtu. Wakati inachorwa, mama yangu mkubwa alikuwa akiishi humo na watoto, wajukuu na ng'ombe.

Kazi yetu ilikuwa kusoma picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege. Tuliweka mbili zilizopishana kidogo chini ya kioo cha kukuza, tukafuata pembe ileile ya jengo kutoka picha moja hadi nyingine, ndipo tukajua ipo wapi hasa. Kisha ikaja hesabu. Ukipima mzingo wa doa, ukaugawa kwa upana wake, ukapata tatu na kidogo, hilo ni duara: nyumba ya msonge. Pembe mraba zinazong'aa ni bati. Kisicho na kivuli si jengo. Nasikia siku hizi kompyuta hufanya kazi hiyohiyo. Sijui imefundishwa mapaa ya nani.

Sisi Wahehe tulijenga tembe: nyumba ndefu, fupi kwa kimo, paa bapa la udongo uleule wa uani. Ndege ilipita mchana wa jua la utosi, kiangazi. Hapakuwa na duara, wala mng'ao, wala kivuli cha maana.

Mimi niliitambua nyumba ya kina mama kwa kona ya mto. Nikamwonyesha mwenzangu wa meza, Mnyakyusa wa Tukuyu.

"Wahehe bwana!" akacheka. "Nyumba gani hiyo? Mbuzi anapanda juu kula ulezi mlioanika, na ndege nayo itadhani ni kiwanja, ishuke!"

"Cheka tu. Hapo ndipo alipozaliwa mama."

Akaacha kucheka, akainamia kioo tena. "Mwambie bwana mkubwa. Leo leo, kabla hawajaipaka ramani rangi."

Bwana mkubwa, mpimaji Mwingereza, aliitazama kwa muda mrefu. "Sasa naiona," alisema. "Lakini kanuni haina alama yake. Nikiiandika kwa sababu wewe unaijua, kesho nitaandika kila kichuguu." Akaahidi kumtuma mtu akahakikishe kwa miguu. Ramani ikaondoka kabla ya mtu huyo.

Likizo iliyofuata nilikuta vigingi vya saruji shambani kwa mama mkubwa. Eneo lilikuwa limetengwa kuwa msitu wa misonobari, kwa kuwa lilikuwa tupu.

"Kamwene, mwanangu," alinisalimu. "Wewe si unafanya kazi na hao wapimaji? Basi waambie tupo."

"Nimeshawaambia, mama."

"Wakasemaje?"

"Kwamba mtu atakuja kutazama."

"Aje. Nitampikia."

Hakuja mtu, ilikuja miche. Ilipandwa hadi nyuma ya zizi, ikakomea hapo, na hatukuelezwa kwa nini. Watoto wa mama mkubwa bado wanalima kilichobaki. Kama ni chao au ni cha msitu, hakuna ofisi iliyowahi kutujibu.