Siku Niliyopiga Kelele za Shukrani Kibumba

Daktari alimwambia binti yangu, si mimi. Nilikuwa nimekaa palepale, vifungo vya shati bado viko wazi, naye akamgeukia yeye na kumweleza kwa Kifaransa kwamba ugonjwa wa ini umefika mbali, hakuna cha kupasua tena, nirudishwe nyumbani nitunzwe vizuri. Kifaransa na mimi nilikisoma shuleni. Nilielewa yote kabla binti yangu hajafungua mdomo kunidanganya.

"Papa, ni mambo ya chakula tu. Utapona."

Nilikuwa dereva wa lori karibu maisha yangu yote, nikileta kabichi na viazi Goma kutoka Kalengera na Kibumba. Ile kazi ingeweza kuniua nikiwa kijana, kwa vita ama kwa breki kukatika. Haikuniua. Nilioa, nikazaa, nikajenga mtaa wa Ndosho. Volkano ikalipuka, lava ikala nyumba, nikajenga tena. Kwa hiyo nilipotoka pale kwa daktari sikuwa na hasira na Mungu. Nilikuwa na hamu ya kuwashukuru watu wangu kabla sauti haijaisha.

Hasira ilikuja nyumbani, kwa sababu hakuna aliyetaka kunisikiliza. Nikianza tu, "Mwanangu, mimi nakushukuru," binti yangu anageuza uso, anakumbuka sufuria iko jikoni. Mikono yangu bado inashika kijiko, lakini ananilisha uji kama mutoto. Mchana watu wa sala wanajaa sebuleni, wananiamuru niseme nimepona. Siku moja niliwaambia ninayo mengine ya kusema. Mama mmoja akanikatiza: "Muzee, usikubali ile roho ya kifo." Wakaanza wimbo, kwa sauti kubwa, mpaka nikanyamaza. Nililala nimegeukia ukuta kwa uchungu wa kunyamazishwa ndani ya nyumba yangu.

Mwishowe nikagoma. Nilisema sinywi dawa tena mpaka wanipeleke Kibumba kwa dada yangu. Binti yangu alibembeleza, akakasirika, akakubali. Mume wake akaazima gari.

Mkwe wangu ni mtu mwema, lakini haendeshi vizuri. Aliingia kila shimo. Mimi nimefungwa blanketi nyuma, ninaijua ile barabara kona kwa kona, na kila nikisema "punguza hapa," binti yangu ananijibu, "Papa, pumzika."

Dada yangu tulimkuta shambani, anang'oa karoti. Mama yetu alipokufa mimi nilikuwa bado natambaa. Yeye aliacha shule, akanibeba mgongoni akienda kulima, akanilea mpaka nikaoa. Sasa ni mzee, na masikio yamekufa karibu yote. Hilo nilikuwa nimelisahau.

Tulikaa kwenye benchi mbele ya nyumba yake. Nikamwambia, "Dada, nimekuja kukushukuru."

"Kuchukua nini?"

"Kukushukuru."

"Karoti? Chukua tu, ziko nyingi." Akamwita binti yangu alete gunia.

Nilitaka kulia kwa hasira. Safari yote ile, na maumivu yale, kwa ajili ya gunia la karoti. Nikavuta pumzi, nikapiga kelele kama zamani nikiita wapakiaji.

"Ninakufa, Dada! Ini limeoza! Nimekuja kusema asante, uliacha shule sababu yangu!"

Jirani aliyekuwa akimwagilia miche alisimama, ndoo mkononi. Binti yangu aliacha gunia chini.

"Nani alikuambia shule niliipenda?" Dada akasema. "Wewe ndiye niliyependa." Kisha akafuta mkono wenye udongo kwenye kitenge, akanishika shingo, na hapo ndipo akalia. Hakuniambia nitapona. Alisema tu, "Asante ya kwako nimeisikia. Kunywa maziwa." Nikanywa, ingawa tumbo lilikataa.

Kwenye kurudi, baada ya mwendo kidogo, binti yangu alimwambia mume wake asimamishe gari. Akaja kukaa nyuma na mimi.

"Na mimi, Papa? Ulikuwa unataka kuniambia nini?"

Nilimwambia habari ya lava. Nyumba ilipoungua nilikuwa nakwenda kukaa juu ya yale mawe meusi, sitaki kazi, sitaki watu. Yeye alikuwa msichana mdogo. Kila asubuhi alikuja na chai, akakaa karibu yangu bila kusema neno mpaka nimalize kikombe. Ile chai ndiyo ilinirudisha kwenye lori.

"Mimi nilifikiri hukuniona hata," akasema.

"Ningekuambia tangu zamani. Unanikimbia kwenda jikoni."

Alilia, na mimi bado nilikuwa na kisirani, maana siku nyingi tulikuwa tumeziharibu bure. Alinivutia blanketi mabegani, akasema niendelee. Nikaendelea, gari limesimama kando ya barabara, malori ya kabichi yakitupita na kupiga honi.