Shafti Isiyo na Mkwaruzo

Fundi wa mashine pale Bulyaga haanzi na nyundo. Huifuta shafti kwa kitambaa, huipapasa kwa kidole gumba kama anayetafuta mwiba, ndipo huingiza makucha ya pula, chombo cha kuvutia, nyuma ya beringi iliyokwisha na kuanza kuivuta. Hukaza kidogo, husubiri, hudondosha mafuta, hukaza tena. Mafundi wa siku hizi hupiga tindo mpaka shafti ipate kovu, kisha humwambia mteja akanunue mpya. Na mteja hushukuru!

Juzi alikuwa kwenye mashine ya kusaga ya Mama Zuber. Shafti ya aina ile haipatikani tena madukani. Ikichubuka, mashine imekufa. Beringi ilikuwa imeng'ang'ania tangu asubuhi, na wateja walikuwa wameshahamishia mahindi yao kwa Hosea, kwenye mashine ya umeme.

“Fundi, unaitoa au unaiposa?” Mama Zuber akamkejeli. “Piga nyundo tuondoke!”

“Mama, beringi ni ya kutupa. Shafti ni ya kubaki.”

Akaimwagia beringi mafuta ya moto, akakaza. Ikatoka kwa mlio mdogo, shafti ikabaki inang'aa, haina mkwaruzo. Akaishika kwa viganja vyote viwili, akasema, “Ndaga,” neno letu sisi Wanyakyusa la kushukuru, na pia la kumpa mtu pole.

Mama Zuber hakugeuka. Alikuwa kwenye simu, akimwelekeza njia mnunuzi wa vyuma chakavu aje kuichukua mashine. Fundi alimsikia. Hata hivyo aliipaka shafti grisi, isije ikashika kutu kabla ya kukatwa.